Usimnyang'anye mama yako ndoo (Sehemu ya 7)



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mama yangu alipofikisha miaka 68, nilikwenda nyumbani nikamkuta anatoka kuchota maji, ndoo ya lita 20 kichwani. Nikawaka. Mimi ndiye nesi wa familia, neno langu pale nyumbani halipingwi. Nikatangaza kuanzia siku ile ayo hachoti maji, hashiki jembe, hasongi ugali. Tukamwekea kiti chini ya mti, chai inamfuata hapo hapo. Majirani wakasema huyu mama ana bahati, amezaa watoto wenye huruma.

Baada ya miezi minne hivi nikaona anashika ukuta akitaka kusimama. Haukupita muda akaanguka usiku akienda chooni, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Wote nyumbani wakalaumu giza. Mimi nilijua. Miguu ilikuwa imekwisha, na tuliimaliza sisi kwa kumkalisha.

Ndiyo maana leo nasema wazi, hata kama wengine hamtapenda: hii tabia ya kumwambia mzee "kaa tu, pumzika, umefanya kazi ya kutosha" inawaangusha wazazi wetu. Mpunguzie mzigo, ndiyo. Kazi yenyewe mwachie.

Niwaeleze kwa nini. Misuli huanza kupungua taratibu tangu tunapovuka miaka 30 na kitu, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kwa sisi wanawake, hedhi ikikoma mifupa nayo inapoteza nguvu haraka. Sasa mwili hauna ghala la kutunza msuli usiotumika. Ukiutumia unabaki, ukiuacha unaondoka, na kwa mzee unaondoka haraka kuliko kwa kijana. Wiki chache za kulala kitandani kwa malaria au kidonda zinatosha kumfanya bibi aliyekuwa anakwenda mnadani kwa miguu ashindwe kunyanyuka mwenyewe.

Najua mtakachosema, maana nakisikia kliniki kila wiki: "Nesi, mazoezi ni ya watu wa mjini, sisi tunalima." Desemba 2016, Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, wengi huku tulicheka. Tukasema waje washike jembe. Lakini jamani, jembe linafanya kazi sehemu zile zile kila siku: mgongo umeinama, mabega yamevutwa mbele. Ndoo inakandamiza shingo ile ile tangu ukiwa na miaka 8. Halafu msimu ukiisha, kimya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye kazi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, na mwenye miaka 65 na kuendelea aongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Kulima kunahesabika, sikatai, ila hakumalizi yote.

Na mfano tunao karibu tu. Wahadzabe, majirani zetu wa upande wa Ziwa Eyasi, walipimwa na watafiti kwa vifaa vya mapigo ya moyo, matokeo yakatoka 2017. Kwa wastani walikuwa na zaidi ya saa 2 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu ya kati au kubwa, na wazee wao hawakuwa nyuma sana ya vijana. Utafiti mwingine wa 2020 ulionyesha wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa ofisini tu! Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanapumzika wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Sisi mgeni akija tunakimbilia kumtafutia kiti cha plastiki.

Mzee akishakaa sana bado anaweza kurudi. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 wa makao ya wazee, umri kuanzia 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu ya miguu iliongezeka zaidi ya maradufu. Miaka 90 hiyo! Kwa hiyo msiniambie ama wa miaka 72 "ameshachoka".

Sasa nilivyofanya kwa mama yangu mkono ulipopona. Kwanza kiti. Anakaa, anasimama bila kujivuta kwa mikono, mara 5, anapumzika, anarudia. Wiki ya kwanza alishindwa, tukaweka mto juu ya kiti kikawa kirefu, akaweza. Kila wiki mbili tukapunguza unene wa mto. Pili, anasimama umbali wa hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, anaukaribia kwa kukunja viwiko na kujisukuma kurudi. Tatu, anashika fremu ya mlango na kunyanyuka kwa vidole vya miguu, kisha anasimama kwa mguu mmoja akihesabu mpaka 10. Siku 3 kwa wiki, siku moja katikati ya kupumzika. Dakika 15 zinatosha, na wajukuu wanamhesabia kwa kelele.

Nne, maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo ya mzee. Hiyo sikuirudisha. Nilimpa madumu mawili ya lita 3, moja kila mkono, mgongo wima. Yakawa mepesi, tukahamia ya lita 5. Huo ndio utaratibu wote: ukiweza mara 12 bila shida, ongeza kidogo. Usipoongeza, mwili unazoea na kubaki pale pale.

Usizuie pumzi unaponyanyua, presha inapanda. Hesabu kwa sauti, hutaweza kuizuia. Na mwenye presha isiyotulia, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au aliyevunjika karibuni, aanzie kituo cha afya kwanza.

Hapa niseme kuhusu maumivu. Sisi watu wa huku tunamjua mzee wetu wa Mbulu, John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, na bado akamaliza wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Namheshimu sana. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, na alikuwa kijana wa miaka 30. Wewe wa miaka 55 goti likichoma ndani au likivimba, acha, usijifanye Akhwari. Msuli kuuma kesho yake kwa kazi mpya ni kawaida. Kiungo kuuma wakati huo huo unafanya, hapana.

Dada zangu wenye watoto wadogo, msidhani haya ni ya bibi peke yake. Mnaingia miaka 30 mkiwa na mtoto mgongoni, ndoo kichwani na kuni mkononi, wengine wiki ya pili tu baada ya kujifungua. Kwenu ushauri unageuka: ninyi ndio mnaohitaji kupunguziwa, hasa wiki 6 za kwanza. Mizigo mizito mapema inaongeza hatari ya kizazi kushuka, na mnakuja kwetu miaka mingi baadaye mnaona aibu kusema mkojo unavuja. Anzeni na kubana misuli ya chini kama unazuia mkojo, hesabu 5, achia, mara 10, hata ukiwa unanyonyesha. Na baba wa nyumba, ndoo unaijua ilipo.

Chakula pia. Nyumba nyingi nikipita, yai ni la mtoto, nyama ni ya baba, bibi anapewa uji na chai kwa sababu "hana meno". Msuli haujengwi kwa chai. Maharage yaponde, dagaa wasage watie kwenye uji, maziwa hayahitaji meno.

Kesho mpimeni mzee wenu. Chukua kiti cha kawaida, sio kigoda, kigoda ni kifupi mno. Kiegemee ukutani kisiteleze. Mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, wewe simama pembeni. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asipofika mara 10 yuko kwenye hatari ya kuanguka. Wa 65 hadi 69, asipofika 11. Wa 60 hadi 64, 12.

Mama yangu baada ya ule mkono alianza na 6. Mwezi uliopita alipata 12, akaniambia na mimi nikae nijaribu, akahesabu yeye. Matokeo yangu siyaandiki hapa.

Jumapili, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu magoti.