TAMKO LA WAUGUZI WA GIHUNDWE KUHUSU WAGONJWA WA BARIDI YABISI NA MAGONJWA YA TISHU UNGANISHI

Sisi wanachama wa chama cha wauguzi hapa Gihundwe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, tukiadhimisha Siku ya Baridi Yabisi Duniani, 12 Oktoba, tunatamka yafuatayo:

1. Kuvimba viungo si lazima kuwe uzee, wala si kurogwa. Baridi yabisi inayoletwa na kinga ya mwili kushambulia viungo huwapata hata vijana, na wanawake zaidi ya wanaume. Lupusi, mojawapo ya magonjwa ya tishu unganishi, nayo huwaandama hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mchuma chai wa Shagasha au mpanda mpunga wa Bugarama akishindwa kukunja vidole, nyumba nzima hukosa riziki.

2. Mgonjwa anayeamka vidole vimekakamaa kwa saa nzima, na mikono yote miwili imevimba kwa wiki kadhaa, asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu peke yake. Aandikiwe rufaa mapema, kwani kiungo kilichokwisha kulika hakirudi kilivyokuwa.

3. Kwa wagonjwa hawa dawa ya methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kunaweza kuua. Muuguzi ataje siku, aiandike, kisha mgonjwa aitamke mwenyewe. Mwanamke aulizwe kwanza kuhusu ujauzito, kwa kuwa dawa hii humdhuru mtoto tumboni. Damu na ini vipimwe mara kwa mara. Anayetumia dawa ya prednisoloni kwa muda mrefu asiikatishe ghafla, na akipata homa aonwe siku hiyohiyo.

4. Pumziko lina wakati wake, na mazoezi mepesi yana wakati wake. Kumfundisha mgonjwa na jamaa zake yote mawili ni kazi ya muuguzi.

Kwa hiyo:

Tunaiomba Wizara ya Afya iwape wauguzi wa vituo vya afya mafunzo ya magonjwa haya, na ihakikishe dawa na vipimo vyake vinapatikana karibu kwa bima ya afya ya jamii (mituweli).

Tunaziomba hospitali za rufaa zimrudishe kwetu kila mgonjwa aliyevuka msitu wa Nyungwe kwenda Huye au Kigali akiwa na maelekezo ya maandishi.

Tunawaomba wajumbe wa afya vijijini wawatambue wagonjwa hawa na kuwaelekeza kwetu.

Nasi tunaahidi kumsikiliza kila mgonjwa bila kumdharau. Ndugu mwenye viungo vilivyovimba, usisubiri vipinde: njoo kituo cha afya sasa.

Limetolewa Gihundwe, Rusizi.