Kabla ya gari la umeme au la mseto, tafuta soketi

Gari la mseto la kuchaji, lenye betri na injini ya petroli, husifiwa kuwa njia ya kati: umeme mjini, petroli safarini. Hoja hiyo ina mashiko, ila inategemea dereva achaji kila siku. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilionyesha kuwa barabarani magari hayo hutoa hewa ya ukaa takriban mara 3.5 ya kiwango kilichopimwa maabara, hasa kwa sababu hayachajiwi inavyotarajiwa. Mwenye gari hubaki na mizigo miwili: betri nzito, na injini inayodai oili na fundi.

Wapo watakaouliza: na Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480? Swali ni la haki. Anayeifunga safari hiyo kila wiki achague mseto. Lakini wengi huenda kazini na kurudi, mwendo ambao betri huumudu, na umeme mwingi wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Tusinunue gari la mwaka mzima kwa ajili ya safari ya Krismasi. Mwenye pa kuchajia nyumbani anunue la umeme. Asiye napo, hata mseto hautamfaa.