LUGHA YETU: Maneno Yaungayo Habari

Mtu aandikaye barua hujua moyoni mwake jinsi mambo yalivyofuatana. Lakini yule aisomaye hana ila maneno yaliyomo karatasini. Maneno kama "kwa sababu", "kisha", "bali" na "wala" ni madogo, walakini ndiyo yamwonyeshayo msomaji jinsi habari moja inavyohusiana na nyingine.

Yafaa kutazama mfano. Mkulima anakiandikia chama cha ushirika kudai malipo ya maziwa yake, naye anasema: "Gari lilichelewa. Maziwa yaliharibika." Karani asomaye aweza kudhani kwamba hayo ni mambo mawili yaliyotukia siku moja tu. Lakini mkulima akiandika, "Maziwa yaliharibika kwa sababu gari lilichelewa," dai lake limesimama, maana ametaja hasara na asili yake pia. Na kama karani naye akiandika katika kumbukumbu za mkutano, "Maziwa yaliharibika, kisha gari likachelewa," basi gari halina lawama tena. Neno dogo limebadilika, na mkulima amekosa fedha zake.

Neno "wala" hufuata kukana. Ikiandikwa, "Hakupokea fedha na stakabadhi," mtu aweza kuuliza kama alipokea kimojawapo. Ikiandikwa, "Hakupokea fedha wala stakabadhi," swali limekwisha. "Bali" nalo hufuata kukana, na huleta lililo kweli mahali pa lile lililokanwa: "Haombi msaada, bali anadai haki yake." Neno "lakini" halihitaji kutanguliwa na kukana, kazi yake ni kuleta jambo lisilotazamiwa: "Aliyaleta maziwa mapema, lakini hakulipwa." "Ila" hutoa wachache katika wengi: "Wanachama wote walilipwa ila watatu." Maneno hayo manne yote yalitoka katika Kiarabu, nayo yamekuwa Kiswahili kamili tangu zamani.

Hata hivyo, si vema kuyajaza kila mahali. Kiswahili kina "ka" yake, ambayo yenyewe huonyesha mfuatano wa mambo: "Alikwenda sokoni, akauza mahindi, akanunua mbolea, akarudi nyumbani." Mwenye kutia "halafu" mbele ya kila tendo hapo amtilia chumvi mchuzi uliokwisha kukolea. Kadhalika, wako waanzao kila sentensi kwa "kwa hiyo". Neno hilo huahidi matokeo ya jambo lililotangulia. Yasipokuwapo matokeo, msomaji huyatafuta bure, na mwisho huanza kuishuku hata ile sehemu ya barua iliyo kweli.

Basi mwenye kuandika, akiisha kumaliza barua yake, na aisome tena polepole kabla ya kuitia katika bahasha. Penye sentensi mbili zinazofuatana, na ajiulize: Je, hili la pili ni asili ya lile la kwanza, au ni matokeo yake, au ni kinyume chake, au limelifuata kwa wakati tu? Akiisha kupata jibu, neno lifaalo halitakuwa mbali. Asipolipata, kasoro haimo katika maneno, bali imo katika fikira zake, na ni heri aitengeneze yeye mwenyewe kuliko kumwachia msomaji aitengeneze apendavyo.