Udi Hauondoi Unyevu



Ndugu wasomaji, masika yameingia, na nyumba zetu hapa Bongwe zimeanza kutoa harufu ile tuijuayo sote: ya nguo zilizokaa kabatini, ya godoro lisiloona jua, ya ukuta uliolowa. Desturi yetu ni kutia makaa chetezoni, tukafukiza udi, na harufu ikatoweka. Lakini udi hufunika harufu tu. Maji yaliyomo ukutani hubaki palepale, na moshi wenyewe humzidishia dhiki mtoto mwenye pumu.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Juzi nilisogeza kabati katika chumba wanacholala wanangu, nikakuta ukuta wa nyuma umeota kuvu nyeusi. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amekohoa usiku kwa wiki tatu, nami nikimpa tangawizi na kuulaumu upepo wa kusi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioonyesha kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu huwa katika hatari zaidi ya kupata pumu na maradhi ya njia ya hewa. Na huko Rochdale, Uingereza, mnamo Desemba 2020, alifariki mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Uchunguzi rasmi wa mwaka 2022 uliamua kwamba kifo chake kilitokana na maradhi ya kifua yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Baba yake alikuwa amekwisha kuwalalamikia wenye nyumba tangu mwaka 2017. Mwaka 2023 Uingereza ikapitisha sheria ya kuwabana wenye nyumba, na kifungu chake kikaitwa kwa jina la mtoto huyo.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kuizuia hewa ya bahari. Yaliyo katika uwezo wetu ni mawili: tusiongeze maji ndani ya nyumba, na tusiiache hewa ituame. Nyumba za wazee wetu, za fito, udongo na makuti, zilipitisha hewa kati ya ukuta na paa. Nyumba za matofali zenye dari na madirisha ya vioo huifungia hewa ndani. Usiku hewa hiyo ikigusa ukuta uliopoa, maji hutua hapo, na kuvu ikapata pa kuota.

Basi, mama mwenzangu, usianike nguo katika chumba cha kulala, hata mvua ikizidi, zitundike barazani. Mlango wa bafu na ufungwe baada ya kuoga, na jiko liwe karibu na dirisha lililo wazi. Jua likitoka, fungua madirisha mawili yanayoelekeana ili upepo upite. Mbu wa usiku wazuiliwe kwa neti. Kabati na kitanda viache nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani. Magodoro, mito na miswala itolewe juani baina ya saa nne na saa tisa, kwani utitiri wa vumbi hustawi penye unyevu. Na msikaushe chumba kwa jiko la makaa milango ikiwa imefungwa: hewa yake ya sumu huua watu usingizini.

Kuvu isifagiliwe ikiwa kavu, maana vumbi lake huruka na kuingia kifuani. Watoe watoto, jifunge kitambaa puani, isugue kwa maji na sabuni, kisha ukaushe ukuta. Kupaka rangi juu yake ni kama kufukiza udi: ni kuficha tu.

Nanyi akina baba, na wenye nyumba za kupangisha, paa linalovuja na maji yanayotuama chini ya ukuta ni juu yenu. Mpangaji hawezi kulishinda kwa ufagio tatizo lililoanzia kwenye mabati. Mtoto wa mpangaji naye ni amana.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, au 40 na zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, si mafua ya kawaida. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya au kunywa, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Wangu sasa analala chumba cha mbele, na usiku wa jana hakukohoa. Alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu sote. Amin.