Kwa Gavana wa Nairobi: Mja Mzito Aulizwe Analala Wapi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, niliyelelewa hatua chache kutoka ile hospitali ya uzazi iliyofunguliwa mwaka 1926, ambayo hadi leo wanawake wa Kayole na Huruma, Mathare na Dandora, huikimbilia saa ya uchungu. Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkunga wa mtaa, na ilikuwa ada yake, kabla ya kumgusa tumbo mja mzito yeyote aliyemjia, kumwuliza: “Walala wapi, mwanangu, na jikoni kwako wawasha nini?” Utotoni nilidhani ni maneno ya kumtuliza mgeni tu, sasa nafahamu kuwa alikuwa akiutafuta ugonjwa pale unapoanzia.

Juzi nilimsindikiza binti yangu kliniki, himila yake ikiwa imetimia miezi mitano, nikaona jinsi muuguzi, kwa adabu na uhodari, alivyompima shinikizo la damu na mkojo, akamtoa damu ili ijulikane wingi wake na aina yake na kama ina kaswende au virusi vya ukimwi, akampa vidonge vya madini ya chuma na foliki, kisha akayaandika yote katika kitabu cha mama na mtoto. Kila lililofanywa lilikuwa la haja, nami nashukuru. Lakini mtaa wake, ambao ni Dandora, upande ambao moshi wa jaa la taka hulala usiku, uliandikwa ili ijulikane atafutwe wapi, si ili ijulikane anavuta hewa gani.

Nawe wajua, Mheshimiwa, kwamba jaa hilo lilifunguliwa katika miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hata leo malori hayajaacha kuupanda mgongo wake. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, humu humu jijini, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa ujirani wa jaa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Habari hiyo ilisomwa na wengi kuwa ni habari ya watoto, ikasikitikiwa, ikapita. Lakini watoto hukua. Wasichana wa ujirani ule wa mwaka 2007 ndio wanawake wanaokaa leo katika benchi za kliniki zako wakisubiri kuitwa majina.

Na risasi si kitu cha kuingia mwilini kikatoka upesi. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaiweka mifupani, nayo hukaa humo miaka na miaka pasipo kujulikana. Hata mwanamke akichukua mimba, na mifupa yake, kwa kuwa mtoto naye ataka kujengewa mifupa, ikaanza kutoa ilichokiweka akiba, ndipo risasi nayo itokapo, ikachanganyika na damu, ikapita katika kondo la nyuma bila ya kizuizi, ikamfikia kiumbe ambaye hajaona jua wala jaa. Hivyo mwanamke aliyehama Korogocho, jirani na jaa, akiwa na miaka 12, akaenda kukaa Buruburu, huenda bado amelibeba jaa lile mwilini mwake. Madhara yake yanajulikana: shinikizo la damu la mimba, mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake au na uzito haba, na akili yake kupungukiwa na kile ambacho mwalimu hataweza kukirudisha. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama.

Moshi nao, wa plastiki na matairi, una njia yake; mwaka 2019 wataalamu wa Ubelgiji waliona chembe za masizi katika kondo la nyuma, upande ule wa mtoto.

Hapa sina budi kutaja odowa, yale mawe laini yauzwayo vibandani ambayo waja wazito wetu huyatamani kuliko chakula. Watu huwacheka, wala si insafu. Maana aghalabu tamaa hiyo hufuatana na upungufu wa madini ya chuma, na mwili uliopungukiwa na chuma na kalisi huivuta risasi kwa pupa zaidi, hali udongo wenyewe pengine umeibeba.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, Bi. Phyllis Omido aliijua sumu ya kiwanda cha kuyeyusha risasi pale mwanawe mchanga, aliyekuwa akinyonya, alipougua. Na haki ya wanakijiji waliokwenda mahakamani haikuthibitishwa na Mahakama ya Juu ila Desemba 2024. Sipendi mama wa Dandora angoje kiasi hicho.

Nimekuandikia wewe, si Waziri, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka zahanati, majaa ya taka na udhibiti wa uchafuzi wa hewa katika dhamana moja, nayo ni ya kaunti. Mwaka 2021 mahakama iliamuru jaa liondolewe katika miezi 6, na jaa lipo. Liondoe. Lakini kuliondoa hakutaitoa risasi iliyokwisha kukaa mifupani, na kwa hiyo naomba jambo lisilohitaji ardhi mpya wala mabishano: kila mja mzito aulizwe alikulia wapi na anaishi karibu na nini, na wale wa ujirani wa jaa wapimwe risasi katika hospitali za Pumwani na Mama Lucy Kibaki na katika zahanati zote za Eastlands. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeeleza la kumfanyia mja mzito mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita: chanzo kitafutwe, na aliyepungukiwa na kalisi au chuma aongezewe.

Binti yangu atarudi kliniki baada ya wiki nne. Nimemwambia akiitwa aseme mwenyewe, hata asipoulizwa, kwamba analala Dandora na kwamba usiku hufunga dirisha kwa sababu ya moshi; na kama kitabu hakina mahali pa kuliandika hilo, amwombe muuguzi aliandike pembeni.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Majengo, Pumwani