GEJI, DEREVA NA MWENYE GARI

Ndugu wanachama,

Mtu mwenye gari kuukuu hapa Thika au Ruiru, akitaka kujua moto wa injini yake, huenda kwa fundi wa jua kali akafungiwa geji mpya kando ya usukani. Kazi hiyo huisha upesi, na mwenye gari huondoka akifurahi. Baadhi yetu tuna pikapu za namna hiyo, za Peugeot 504 au Datsun 1200, na wengi tuna ndugu walioajiriwa kuendesha pikapu na malori ya mawe ya Ndarugu. Kwa hiyo habari hii ni yetu pia.

Sisi hatuipingi geji. Maneno yetu ni mawili tu. Kwanza, ifungwe sawasawa. Pili, ikisha kufungwa, dereva apewe ruhusa ya kuitii.

Watu wa reli tunajua maana ya geji. Reli ilifika Thika mwaka 1913 ikipitia Ruiru, na tangu zamani hizo kazi ya dereva wa gari la moshi ni kutazama njia kwa jicho moja na geji kwa jicho la pili. Injini za Garratt za aina ya 59, zilizotoka Uingereza mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na mvuke wa paundi 225 kwa kila inchi ya mraba. Moja yao, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Geji ya mvuke ilikuwa mbali, na kioo cha maji mbali, kwa sababu nguvu ya mvuke haikuambii maji yamebaki kiasi gani. Maji yakipungua kupita kiasi, kazi ya kwanza ya dereva ilikuwa kuiokoa boila, si kuwahi saa.

Sasa tutazame gari. Magari mengi ya zamani yana taa tu ya kuonya moto. Taa huwaka mambo yakiwa tayari yameharibika. Sindano ya geji hupanda pole pole, nawe wapata nafasi ya kusimama kabla kichwa cha injini hakijapinda. Hiyo ndiyo faida yake, na ni kubwa. Lakini taa ya zamani isiondolewe. Macho mawili ni bora kuliko moja.

Ubaya tunaouona ni waya. Fundi mwenye haraka huchukua umeme moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, akapitisha waya katika tundu la bati lenye makali. Gari hutikisika, bati hula mpira wa waya, waya hugusa bodi, na moto unaanza miguuni pa dereva. Mtu alitaka kuokoa injini, akachoma gari lote.

Kazi ya haki ni hii. Ondoa kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Chukua umeme mahali panapowaka ufunguo ukifunguliwa na kuzimika ukifungwa, nao upite katika fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5, iliyo karibu na hapo ulipouchukua. Tundu la bati litiwe pete ya mpira. Waya ukae mbali na bomba la moshi. Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Tena sensa na geji ziwe za jozi moja. Sensa ya kampuni nyingine hufanya sindano iseme uongo. Na fundi asiizungushie sensa utepe mweupe wa bomba kwa wingi, maana sensa ya waya mmoja hupata bodi kwa njia ya nyuzi zake. Mwenye gari la Kiingereza la kale aangalie zaidi: mengine upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na mengine yana kifaa cha kupunguza umeme wa geji za kiwandani. Geji mpya isifungwe nyuma ya kifaa hicho.

Kabla ya kulipa fedha, ijaribuni geji. Tieni ncha ya sensa katika sufuria ya maji yanayochemka, mwili wake ukiunganishwa na bodi kwa waya. Msitazamie digrii 100. Thika na Ruiru ziko juu ya bahari kama mita 1,500, na hapa maji huchemka karibu na digrii 95. Geji ikionyesha hapo, ni njema. Ndiyo sababu pia kifuniko cha rejeta kibovu ni hatari huku kwetu: kisipobana, maji huchemka mapema kuliko pwani.

Tena msisahau funzo la kioo cha maji. Maji yakimwagika yote, sensa hubaki hewani, na sindano yaweza kushuka huku injini inaungua. Geji haiondoi kazi ya kufungua rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, na kutazama.

Haya ni maneno ya waya. Neno kubwa zaidi ni la mtu.

Twamjua dereva mmoja wa upande wa Ruiru. Lori lilikuwa na geji, naye aliiona sindano imepanda. Alipiga simu kwa mwenye lori, akaambiwa mawe yanangojwa, asogee tu. Akasogea. Injini ikafa, na mshahara wake ukakatwa miezi mitatu. Mwenye lori alisema, “Geji ilikuwa mbele ya macho yako.” Basi geji iliyowekwa kulinda injini ikageuka shahidi wa kumfunga maskini.

Wako watakaosema kwamba gari ni mali ya mtu, na mwenye mali ndiye mwenye amri. Ni kweli gari ni lake. Lakini mwenye kutoa amri ya kuendelea ndiye mwenye kubeba hasara ya kuendelea. Hawezi kuwa bwana wakati wa safari, na mgeni wakati wa hasara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu! Aliyepiga simu kuomba kusimama hakukusudia kuharibu. Na makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara.

Kwa hiyo twawashauri ndugu madereva: siku geji inapofungwa, fanyeni mapatano na mwenye gari, yaandikwe, watu wawili watie sahihi. Yaseme sindano ikifika wapi dereva atasimama bila kuuliza. Yaseme saa za kungoja injini ipoe hazitakatwa mshahara. Na dereva naye aahidi kutazama maji na mafuta kila asubuhi, maana haki haiendi bila wajibu.

Na wanachama wenye magari, tuanze sisi. Itakuwa aibu tukilia juu ya mabwana wakubwa mchana, na jioni tumwambie kijana wetu wa pikapu “sogea tu.”

Asiyeruhusiwa kusimama, hata umfungie geji kumi, hazitamfaa kitu.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli,
Thika na Ruiru