Chanjo ya HPV: Mbona mapema hivyo?

Wazazi wengi huuliza kwa nini binti wa miaka 9 achanjwe dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Jibu limo ndani ya seli. Kirusi cha HPV, hasa aina za 16 na 18 zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi, hutengeneza protini mbili, E6 na E7. E6 huikamata p53, protini ya seli ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika vinasaba au kuiamuru ife, kisha huipeleka ikavunjwevunjwe. E7 nayo huing'ang'ania Rb, breki ya mgawanyiko, na seli huzaliana bila amri. Kirusi kikishajipachika kwenye vinasaba vya seli, chanjo haina la kufanya: huzuia kinachoingia, haitoi kilichokwishaingia. Ndiyo maana Tanzania, iliyoanza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, huwalenga wasichana mapema, kabla kirusi hakijawafikia.

Ni kweli, maambukizi mengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Lakini nani ajuaye yapi yatabaki? Uvumi kwamba chanjo yenyewe huambukiza hauna miguu: ndani mna ganda tupu la kirusi, bila vinasaba, bila E6 wala E7. Hoja nzito, kwangu, ni ya mama wa wasichana hao waliopitwa na chanjo, ambao bajeti huwasahau upesi. Kwao muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi; baada ya dakika moja hivi sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyo hiyo.